Mhanga na Visima vya Mfalme Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kazi, pakawa na mwenye kuifanya, pakawa na mwenye kuisemea. Mmekaa sawa?

Tumekaa!

Basi hapo zamani, zamani sana, nchi ya Mfalme Nyati ilikauka. Mto ukakauka, mabwawa yakakauka. Mfalme akatangaza barazani: "Nataka visima vitatu. Atakayevichimba vikatoa maji nitamfanya Mkuu wa Maji."

Mhanga alikuwa mama mpole, asiyependa maneno, na kwa kuchimba hakuwa na mfano. Akasema moyoni, "Mimi na kazi yangu tu." Akachimba, akachimba, akachimba. Siku ya saba, maji!

Lakini palikuwa na Nguchiro, tarishi wa mfalme. Habari zote zilipita mdomoni mwake. Nguchiro akayaona maji, akatimua mbio mpaka barazani.

"Mfalme wangu, kisima tayari. Nimehangaika nacho mimi mtumishi wako."

"Ahsante, Nguchiro."

Mhanga akasikia, akageuka kwenda zake. "Kuna cha pili," akasema.

Nguchiro akawaweka ndugu zake kisimani. Mnyama mdogo akija, anafukuzwa. "Maji ya wakubwa haya! Toka!"

Mhanga akachimba cha pili. Akachimba, akachimba, akachimba. Maji! Nguchiro akatimua mbio tena, akapewa ahsante tena.

Safari hii hasira zikampanda Mhanga. Akaingia barazani na matope yake, mfalme ana wageni, akapiga kelele: "Mwongo huyo! Visima vyangu!"

Mfalme akauliza, "Nani alikuona ukichimba?"

Mhanga akatazama huku na huku. Twiga, mshauri wa mfalme, akatazama juu. Punda Milia akatazama chini. Nani angemsemea? Hakuwahi hata kuwaamkia.

"Mtoeni," akasema mfalme.

Mhanga akatoka analia. Shangazi Kanga, mfagiaji wa baraza, akamfuata.

"Shangazi, mimi nahama."

"Hama. Na wale watakunywa wapi?"

Mhanga akageuka. Akamwona Mama Digidigi amembeba mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka kama jani. Wamefukuzwa kisimani, kisima alichochimba Mhanga mwenyewe.

"Mwanangu," akasema Shangazi Kanga, "ardhi unaijua. Unajua penye mwamba na penye mchanga. Baraza je? Mfalme anamsikiliza nani? Saa ngapi? Nani anamwogopa nani?"

"Sijui, Shangazi."

"Basi jifunze."

Mhanga akafuta machozi. "Sihami," akasema. Siku tatu akakaa pembeni mwa baraza, akitazama tu. Akaona kwamba mfalme husikiliza asubuhi, kabla ya joto. Akaona kwamba haamui neno mpaka amtazame Twiga. Akaona pia kwamba Twiga amemchoka Nguchiro, ila anaogopa kusema peke yake.

Akaenda kwa Twiga. "Shikamoo, mzee. Wewe unaona mbali. Cha tatu nichimbe wapi?" Twiga hakuwa ameulizwa hivyo miaka mingi. Akamwonyesha mahali.

Akaenda kwa Punda Milia. "Ndugu yangu, watoto wanapata maji?"

"Wapi! Wanafukuzwa."

"Njoo unisaidie kusukuma udongo."

Akaenda kwa Mama Digidigi. "Dada, waite wadogo wote. Waje waone kazi."

Kote alikopita hakumsengenya Nguchiro, hata kwa neno moja. Aliongea habari ya maji tu.

Kisima cha tatu kilipobakia dhiraa mbili kufika maji, Mhanga akaoga, akaenda barazani asubuhi.

"Shikamoo, Mfalme. Cha tatu kinakaribia maji. Naomba uje uone yakitoka."

Nguchiro akaruka. "Hicho nachimba mimi! Mfalme asijisumbue!"

Mfalme akamtazama Twiga. Twiga akanyoosha shingo. "Mahali pale nilimwonyesha Mhanga, Mfalme."

"Nami nimesukuma udongo wake," akasema Punda Milia.

"Nasi tumemwona!" wakaitikia wadogo huko nje.

Mfalme akainuka, wakaenda wote. Kufika, akasema, "Nguchiro, si chako? Shuka, umalizie."

Nguchiro akashuka. Akakwaruza, akakwaruza, kucha zikamuuma. Akapanda juu, ameinamisha kichwa.

Akashuka Mhanga. Akachimba, akachimba, akachimba. Bubujiko! Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Mfalme akamfanya Mhanga Mkuu wa Maji. Akataka kumfukuza Nguchiro nchini. Mhanga akasema, "Mwache, Mfalme. Asiwe tarishi tena. Abebe udongo, wote wakimwona."

Ndugu zake Nguchiro wakaondolewa visimani, kila mnyama akanywa.

Basi, wenzangu, hadithi inatufundisha hivi: kufanya kazi vizuri ni lazima, lakini haitoshi. Wajue unaofanya nao kazi, wasaidie, waulize, nao waione kazi yako. Tena useme ukweli wako kwa adabu, na kwa wakati wake.

Mimi nimeisema, ninyi mmeisikia. Aliyeipenda aende nayo kwake, na aliyesinzia amwulize jirani. Ngano yangu imekwisha.