Ng'ombe wa Majanini

Mtu mmoja, Mzee Lutonja, alikuwa na mabinti wawili na kalenda moja. Kazi yake ilikuwa kuchora kuta za maduka, na kalenda ile, iliyokwisha miezi yake zamani, ilikuwa na picha ya ng'ombe mnono amesimama malishoni, anatazama kushoto. Ng'ombe huyo ndiye aliyewalisha, tena bila kuchinjwa. Mkono wa Mzee Lutonja ulipoanza kutetemeka, akamwita Minza, binti mkubwa, akampa kalenda. Kisha akamwita Holo, mdogo, akampa kikapu. Ndani mlikuwa na yai, kibuyu, kopo tupu la maziwa, kiberiti na karoti.

Holo akasubiri maelezo.

"Vigeuze," baba akamwambia. Basi. Akaenda zake kuota jua.

Sasa tuseme kweli, ndugu zangu: wewe ungechagua kipi? Mimi ningeikumbatia kalenda, na karoti ningeila.

Minza akachora. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ngozi ya ng'ombe wake iling'aa hata inzi walikuja kutua wakaondoka wamefedheheka. Akamchora buchani, akamchora kwenye duka la dawa za mifugo, akamchora kwa muuza viatu, maana kiatu nacho ni ng'ombe aliyebadili kazi. Kila mahali ng'ombe yule yule, anatazama kushoto, majani yamemfika magotini, kwa kuwa ndivyo kalenda ilivyosema. Mwaka wa ukame mbuzi walikuwa wakisimama mbele ya kuta za Minza, wakitafakari.

Holo alipewa kazi ya kupiga kuta chokaa. Akimaliza, hukaa kizingitini na kikapu chake. Analichora kopo limesimama, analilaza, analichora kwa mdomo, kwa kisogo. Anakichora kibuyu kimeegemea kiberiti kama mlevi aliyeegemea ukuta. Kisha anavirudisha vyote kikapuni, anafunika, anavichora tena bila kuvitazama. Mayai yalivunjika. Karoti zilinyauka, zikabadilishwa. Wapita njia wakamuuliza, "Holo, unachora au unabandika chungu?" Minza naye alimcheka, ila kwa namna ya dada: anakucheka kwanza, kisha anakumiminia chai.

Siku hizo Machemba alijenga bucha mpya njia panda. Mtu huyu alikuwa na fahali aitwaye Jemedari, ambaye kila mwaka alipangiwa siku ya kuchinjwa, na kila mwaka siku hiyo kisu kikapotea. Jemedari akafa kwa uzee, ng'ombe pekee aliyewahi kuzeekea mikononi mwa mwenye bucha. Machemba akataka achorwe ukutani. Si amesimama, la. Achorwe vile alivyokuwa akiinuka asubuhi anaposikia sauti ya bwana wake: nyuma kumetangulia juu, magoti ya mbele bado yako chini, uso umemgeukia anayekuja. Picha yake haikuwepo hata moja.

"Keshokutwa nafungua," Machemba akawaambia Minza na Holo. "Mkishindwa namwita fundi wa mjini. Na akiupata ukuta huu, kuta zote mtakuwa mnazitazama tu."

Minza akachora. Jemedari akatokea amesimama, anatazama kushoto, majani magotini. Watu wa njia panda wakaja kushuhudia. Machemba akasogea, akarudi nyuma, akainama, akachungulia kwenye yale majani kama mtu aliyeangusha funguo.

"Minza mwanangu," akasema, "Jemedari alikuwa na miguu."

Minza akachukua chokaa, akayafuta majani. Ndugu zangu, chini ya majani hapakuwa na kitu! Miaka yote ile hakuwahi kuchora kwato hata moja. Kalenda haikumwonyesha, naye hakuuliza. Fahali akabaki anaelea kama puto la arusini. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Minza akakaa juu ya ndoo, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Holo akaupiga ukuta chokaa, kama kawaida yake. Lakini ulipokauka hakuondoka. Akachukua mkaa. Kikapu alikiacha nyumbani. Akachora kibuyu kikubwa kimeinama, kitako juu, shingo chini. Huko nyuma akapachika kiberiti. Chini yake makopo mawili marefu yakasimama. Mengine mawili akayakunja katikati, yakapiga magoti kwenye saruji ya baraza. Mbele akaweka yai, limewaelekea watu, na karoti mbili juu yake.

"Hii ni bucha au duka la vyombo?" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya.

Holo akamgeukia dada yake. "Dada, mwili nimeusimamisha. Ngozi siwezi kama wewe. Njoo umvike."

Minza akainuka kwenye ndoo, polepole, magoti yakichelewa. Akashika brashi. Rangi ikapita, na mistari ya mkaa ikazama ndani yake. Kiberiti kikawa nyonga. Makopo yakawa mapaja, yakashuka mpaka kwenye kwato. Yai likafungua jicho. Yule aliyeuliza kama ni duka la vyombo akavua kofia bila kujua amevua.

Machemba alikuwa ndani akining'iniza mizani. Alipotoka barazani akakutana na fahali uso kwa uso. Akarudi nyuma kumpisha. Kisha akanyoosha mkono, kama anayemsaidia mzee kuinuka mkekani.

"Taratibu, bwana mkubwa," akauambia ukuta. "Taratibu. Leo hatuendi mbali."

Halafu akakumbuka kwamba watu wanamtazama, akafuta macho, akadai chokaa ya siku hizi ni kali.

Fundi wa mjini hakuitwa. Asubuhi iliyofuata Minza alionekana kizingitini, kalenda ameikalia, kikapu cha mdogo wake mapajani. Akaligeuza yai, likamponyoka, likapasuka. Mzee Lutonja, aliyekuwa akiota jua, akafumbua jicho moja.

"Mengine yako jikoni," akasema, akalifumba.

Nasi kila mmoja ana kalenda yake: sala aliyoikariri, methali ya babu, shauri la jirani. Ni nzuri, zimetulisha, sizitukani. Ila kiangazi kitakapokuja, na majani yote yatakapokauka, ng'ombe wako atasimama kwa miguu gani?