Mzigo Ulioshonwa

Wapendwa, mfikirieni muuguzi mmoja, binti wa watu, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo miaka mitatu. Ana begi moja la mgongoni. Pasipoti yake imegongwa mihuri mpaka imechoka. Lakini ninyi mnajua: kwetu mtu hasafiri peke yake, anasafiri na ukoo.

Siku ya kupanga begi, wakaja. Shangazi na dagaa wa kukaanga wa mwanawe aliye huko. Jirani na unga wa muhogo, kana kwamba huko watu hawali. Binti akatoa sweta, akaingiza dagaa. Akatoa viatu, akaingiza unga.

Mwisho akaingia mzee wa kanisa. Wazee mliokaa mbele hapo, msininunie, huu ni mfano. Mkononi ana kifurushi kilichoshonwa kwa kitambaa cheupe, mishono ya karibu karibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Hii ni dawa ya kifua ya kijana wangu, atakupokea uwanjani. Usifungue. Upepo ukiingia inaharibika."

Alipotoka, binti akakibonyeza. Kikakwaruza, kama kucha zinazosuguana. Yeye ni muuguzi. Dawa za kifua anazijua.

"Mama, nikifungua kidogo tu, halafu nishone tena?"

"Umfungulie mzee wa kanisa mzigo wake? Aliyesimama nasi kwenye msiba wa baba yako? Watu waseme nimezaa askari wa forodha?"

Akakisukumia chini kabisa ya begi. Njia nzima mpaka uwanja wa ndege alihisi kinampapasa mgongoni.

Mlangoni pa uwanja kulikuwa na ofisa mwenye uso wa mtu aliyeuliza swali moja tangu aajiriwe na hajawahi kusubiri jibu.

"Begi umepanga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekupa mzigo?"

Hapo, wapendwa, angeweza kupona. Neno moja tu. Akageuka. Nyuma ya kizuizi, kati ya wasindikizaji, mzee ameinua mkono wa baraka. Amwaibishe mtu mzima mbele ya umati? Wewe ungeweza?

"Hakuna. Vyote vyangu."

"Tunashukuru kwa ushirikiano," akasema ofisa, akakichomoa kifurushi chini ya begi, akachukua wembe.

Yakamwagika mezani magamba ya kakakuona. Mnyama huyu maisha yake yote hujificha, serikali haimjui wala yeye haijui. Akishakufa tu, anaitwa nyara ya serikali, na serikali huja kumdai na pingu.

"Si yangu!" Binti ananyoosha kidole kizuizini. "Ni ya yule pale! Baba! Baba, waambie!"

Ofisa akamwita. Mzee akasogea taratibu, Biblia kwapani.

"Mzee, huu mzigo unaufahamu?"

Akautazama. Akamtazama binti.

"Mimi, mwanangu, nilikuja kumwombea safari njema tu."

Mnataka kujua binti alifanywa nini? Mfano wangu unaishia pale mezani, maana pale ndipo tutakapofika sisi.

Sisi tumebeba nini? Ule uhasama na ukoo wa ng'ambo ya mto, nani kati yetu aliuanzisha? Tulikabidhiwa na baba zetu, umeshashonwa. Ile dharau kwa mwanamke asiyezaa tuliipokea kwa bibi, tukaambiwa tusifungue, ni mila. Tunaisikia inakwaruza. Tunanyamaza, tunaita adabu. Si adabu, ndugu zangu, ni woga: tunamwogopa aliyetupa kuliko Yeye atakayetuuliza. Na siku ile hatutaulizwa nani alishona. Tutaulizwa begi ni la nani.

Basi fungueni leo, mbele ya mwenye mzigo, kwa heshima zote, huku mnamwamkia. Akikasirika, akasirike. Heri anune sebuleni kwako, kuliko wewe uje kumwita kwa jina mbele ya kiti cha enzi, unalia, naye awe ameshakupa mgongo, anatafuta mlango wa kutokea.