Mtungi wa Siwatu na Nyigu wa Upenuni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa gani, imelala kama paka wa jikoni? Wewe uliye karibu na moto, meza kwanza huo muhogo. Haya tena, paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu na watu wakiwajibu bila kuona ajabu, palikuwa na mwanamke mfinyanzi jina lake Siwatu. Alikaa peke yake pembezoni mwa mji, juu ya bonde la udongo. Ufinyanzi aliurithi kwa mama yake, na mama yake alipokuwa anakata roho alimwachia vitu viwili tu, jiwe la kusugulia vyungu na neno moja.

"Mwanangu," alimwambia, "kwa kila konzi tatu za udongo mpya, tia konzi moja ya gae lililotwangwa. Udongo mpya ni mwoga, ukiuona moto hutetemeka ukapasuka. Gae limeshapita motoni. Haliogopi tena."

Siwatu akalishika neno hilo. Chungu kikivunjika mjini, wanawake walimletea magae, naye akayatia kinuni, akayatwanga, akayachunga, akayakanda na udongo mpya. Vyungu vyake vilipotoka motoni alivigonga kwa kidole. Ngii! Ngii! Ngii! Sauti hiyo aliipenda kuliko chakula. Alikuwa anaacha ugali upoe ili asikilize chungu. Msicheke, watu wa namna hiyo wapo, na mmoja wenu hapa namjua.

Lakini Siwatu alikuwa na hamu moja iliyompita kimo. Alitaka kufinyanga mtungi mmoja mkubwa, wenye tumbo pana na shingo nyembamba, unaotunza maji ya baridi hata kwenye jua la saa sita, na ukiugonga usikike ng'ambo ya bonde. Mama yake aliutamani mtungi huo, akafa hajaufinyanga.

Sasa, kwenye upenu wa nyumba hiyo alikaa Nyigu, mwembamba wa kiuno na mkali wa ulimi. Huyu naye mfinyanzi. Alibeba tope kwa kinywa, tonge kwa tonge, akajenga vyumba vya kutagia mayai. Vumbi la ujenzi wake likawa linaanguka kwenye vyungu vya Siwatu vilivyoanikwa. Siwatu akachukua ufagio. Pwa! Nyumba ya Nyigu chini.

Nyigu akazunguka, akanung'unika, akasema: "Limeanguka, naliokota, nalijenga."

Siku ya pili, ufagio. Pwa! "Limeanguka, naliokota, nalijenga."

Siku ya tatu, ufagio. Pwa! "Limeanguka, naliokota, nalijenga."

"Mdudu huyu hana haya," akasema Siwatu. Lakini kabla hajauinua ufagio tena, akaja mjumbe wa Jumbe, mkuu wa mji. Akasema: "Mwanashungi, binti wa Jumbe, anaolewa. Jumbe anataka mtungi wa maji, mkubwa kuliko yote, ukae katikati ya uwanja kila mgeni anywe."

Moyo wa Siwatu ukaruka. Mtungi wake ndio huo! Akashuka bondeni mbio, akachimba, akaondoa mawe na mizizi, akakanda. Kisha akanyoosha mkono kwenye kapu la magae. Mkono ukasita.

"Gae hili ni la chungu kilichovunjika siku mtu na mkewe walipopigana," akajisemea. "Na hili ni la chungu kilichopikia wali wa matanga. Nitie mikosi hii katika mtungi wa bibi harusi? Wageni wa Jumbe wanywe takataka?"

Akalisukuma kapu kando. Udongo mpya mtupu! Udongo safi!

Nyigu akamwita kutoka juu: "Siwatu, umesahau kitu."

"Nyamaza, mchafuzi wa nyumba za watu."

Basi akafinyanga. Tumbo likapanda, mabega yakakaa, shingo ikasimama. Akautia nakshi kwa gunzi la muhindi, akauanika kivulini hata ukakauka. Watu walikuja kuutazama wakasahau walikokuwa wanakwenda. Siku ya kuuchoma wanawake walijaa uani, vigelegele viko kwenye ncha ya ulimi. Siwatu akapanga kuni, akafunika kwa makuti, akawasha.

Ndani ya moto kukasikika: Pa!

Kisha: Pa!

Kisha: Pa!

Vigelegele vikarudi tumboni. Majivu yalipopoa, mtungi ulikuwa vipande. Mjumbe wa Jumbe akavitazama, akasema, "Harusi imekaribia, Bi Siwatu, hatuwezi kungoja." Akaenda zake kutafuta mtungi wa shaba kwa wasafiri wa bara. Hebu fikirini, wenzangu. Mtu amengoja maisha yake yote, na jambo lenyewe limemalizika kwa kitambo cha kuota moto.

Watu wema wakaja kumpoza. Wa kwanza akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Wa pili akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Wa tatu alipofungua kinywa, Siwatu akamkata: "Mimi si mhunzi!" Wakaondoka wakinong'onezana.

Yale magae ya mtungi hakuweza kuyatazama, wala kuyatupa hakuweza. Aliyatia katika kapu jingine, akalisukuma chini ya kitanda, akaapa hatagusa udongo tena.

Akaja Mhanga, bingwa wa kuchimba, mwenye pua ndefu. "Siwatu, mikono yako inajua shimo. Njoo tuchimbe kichuguu, tule mchwa." Siwatu akaenda. Wakachimba, wakachimba, wakachimba, hata Siwatu akagusa kitu laini, chekundu, kinachonata. Akakifinya kwa vidole, akakiviringisha, akakinusa.

"Siwatu!" akalia Mhanga. "Mchwa wanakimbia!"

"Ngoja kidogo, tazama udongo huu..."

"Udongo hauliwi! Nenda kwenu."

Akaja Kanga, yule ndege wa madoadoa, mwenye makelele. "Siwatu, mtu mpole wewe, njoo unilelee vifaranga." Akaenda. Vifaranga wakaona kiu, naye akachukua tope akawafanyia kibakuli. Akakiona kimepinda, akakifanya upya. Akakitazama, akakitia nakshi. Alipoinua macho, vifaranga wametapakaa kondeni, na Kanga anakuja amevimba shingo.

"Nilikupa watoto au nilikupa vyombo? Nenda kwenu!"

Siwatu akarudi nyumbani amechoka na nafsi yake. Akaingia uani, na chembe ya tope ikamdondokea puani. Basi hasira zote, za moto, za Jumbe, za Mhanga na Kanga, zikashika ufagio. Pwa!

Nyigu akatokea na tonge kinywani. Akatazama chini. Akasema: "Limeanguka, naliokota, nalijenga."

"Hebu niambie!" akapiga kelele Siwatu. "Nimekuvunjia mara ngapi?"

"Nne."

"Na huchoki?"

"Nachoka sana. Wadhani mabawa haya ni ya chuma? Jana nililia."

"Sasa mbona unajenga?"

"Nina mayai tumboni, Siwatu. Mayai hayajui habari za ufagio. Yanataka chumba." Nyigu akatua ukutani karibu na uso wake. "Na wewe, una nini tumboni?"

Siwatu akasema kwa sauti ndogo, "Nina mtungi."

"Basi mtungi nao haujui habari za Jumbe."

Nyigu akashuka chini, akang'oa kipande cha nyumba yake iliyovunjika, akakilowesha kwa mate, akakikandika pamoja na tope jipya. Siwatu akaona. La zamani ndani ya jipya! Akalikumbuka neno la mama yake, akajua kosa lake liko wapi. Ufagio ukamponyoka.

"Nisamehe, Nyigu," akasema. "Nilikuwa nakuvunjia nyumba, nami nasema ni usafi."

"Nitakusamehe kesho. Leo nina kazi. Nawe unayo."

Siwatu akalivuta kapu kutoka chini ya kitanda, akayamimina magae kinuni. Akayatambua yote. Hii ilikuwa shingo, hili ni bega, hapa palikuwa na nakshi ya gunzi. Pigo la kwanza la mchi alilia. La pili alilia. La tatu alilia, kisha akaona amesahau kulia, anatwanga tu. Akachunga, akapima konzi tatu kwa konzi moja, akakanda.

Mjini ngoma za harusi zilianza. Siwatu alizisikia akiwa anapandisha tumbo la mtungi. Hakuna aliyeuagiza, hakuna aliyekuja kuutazama. Ngoma zikalia siku saba, zikanyamaza, na mtungi bado unakauka kivulini. Siku ya kuuchoma walikuwa wawili tu, yeye na Nyigu. Akawasha moto, akakaa kitako, mikono masikioni. Akangoja ile pa. Haikuja. Akangoja. Haikuja.

Majivu yakapoa. Siwatu akaugonga kwa kidole.

Ngiiii! Ngiiii! Ngiiii!

Ng'ambo ya bonde, mchunga mbuzi akageuka kutazama nani anamwita. Na Siwatu akakaa chini kwenye majivu, akacheka, akalia, akacheka tena. Angekuwapo mama yake!

Mtungi akauweka njia panda, chini ya kibanda cha makuti, na kata ya kifuu juu yake. Wapita njia wakanywa, wakauliza umetoka wapi. Habari zikamfikia Jumbe, akaja mwenyewe.

"Bi Siwatu, kumbe unaweza! Wageni wangu walikunywa maji ya moto kwenye shaba. Nipe mtungi huu."

"Jumbe wangu, huu una wenyewe. Ni wa wenye kiu. Ukiona kiu, kata hiyo hapo. Nitakufinyangia mwingine, lakini utangoja, sina gae la kutosha."

"Gae la nini? Mimi sitaki chombo chenye uchafu wa watu."

"Hata mimi nilisema hivyo, Jumbe wangu," akajibu Siwatu. Jua lilikuwa kali. Jumbe akatazama huku, akatazama kule, akachota, akanywa. Akachota tena.

Baada ya siku chache, Siwatu akasikia hodi ya chini chini. Ni Mwanashungi, yule bibi harusi, hina bado mikononi, macho mekundu, kakumbatia furushi la leso.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Una nini?"

"Nimevunja chungu cha mama mkwe. Hata mwezi sijamaliza kwake! Najua gae haliungiki. Ila kulitupa siwezi."

Siwatu akamkalisha, akampa maji. Kisha akalifungua lile furushi, akachukua gae moja, akalipangusa masizi kwa upande wa khanga yake.

"Limeshapita motoni hili," akasema. "Lete yote, mwanangu. Ndiyo niliyokuwa nangoja." Akamsogezea kinu na mchi.

Tangu siku hiyo wafinyanzi wa mji ule hawapigi ufagio upenuni. Wakikanda udongo, hubakiza tonge moja bichi dirishani, fungu la Nyigu. Na huyo Nyigu, nasikia, alimsamehe Siwatu kesho yake kama alivyoahidi, lakini alimsema mpaka jioni.

Hadithi yangu imeishia hapo, njia panda, kando ya mtungi. Mwenye kiu na anywe, na kata airudishe mahali pake.