Kilemba cha Bwana Famau

"Kilemba cha serikali ni ngata." Hivyo ndivyo mzee mmoja alivyomwambia diwani mpya mkutanoni, na vijana wakaja mbio kwa Bibi Mwanakheri kumuuliza ngata ina uhusiano gani na serikali.

"Mmenifanya kamusi sasa!" akasema, huku akiendelea kusuka ukili. "Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi."

Mji wa Mwangani ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, na kila kiangazi watu walikizoa tope lililoziba maji. Desturi ilikuwa hii: kikapu cha kwanza hubebwa na mkubwa wa kazi, kichwani, mbele ya watu wote. Kisipobebwa hicho, hakuna agusaye cha pili.

Mwaka ule mkubwa wa kazi alikuwa Famau wa Shee, ndiyo kwanza ateuliwe. Mgeni wake Behruz, mwuza mazulia kutoka Shirazi, alimwita "sarkari", neno la Kiajemi ambalo sisi leo twalisema serikali. Lo, kichwa kikamvimba! Akanunua kilemba cha hariri. Kikapu kilipoletwa, akarudi nyuma.

"Sarkari habebi tope," akasema.

Wachimbaji hawakubishana naye. Wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu Mwana Tima, bintiye Famau, akajifungua, na nyumbani hamkuwa na tone la maji ya kumwogesha mtoto. Famau aliposikia kile kilio chembamba, moyo ulimuuma. Lakini atabebaje, naye keshakataa mbele za watu? Ndipo likamjia swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo. Akamwendea Behruz.

"Hebu niambie, bwana. Neno ulilonipa maana yake nini hasa?"

"Sar ni kichwa," Behruz akamjibu. "Kar ni kazi. Kichwa cha kazi. Baadaye watu wakamwita hivyo bwana mkubwa, kisha enzi yenyewe."

"Kumbe kazi imo humo humo! Na kilemba je?"

"Hicho umeongeza mwenyewe."

Famau aliona haya, kisha akacheka. Akaenda moja kwa moja kisimani, akakifungua kilemba mkunjo kwa mkunjo, akakizungusha kikawa ngata, akakiweka utosini.

"Nitwikeni," akasema.

Mzee Kupi, mkuu wa wachimbaji, akaitazama hariri. "Itaharibika, bwana."

"Mjukuu wangu hajaoga. Nitwike!"

Tope likamchuruzika mpaka ndevuni. Kabla hajarudi, kikapu cha pili kilikuwa njiani. Alasiri maji yakabubujika, na ndoo ya kwanza ikapelekwa kwa Mwana Tima.

Kilemba kile hakikutakata tena. Famau alikivaa vivyo hivyo, na madoa yake, miaka yote ya ukubwa wake. Na tangu hapo, wanangu, mtu wa Mwangani akiutamani ukubwa, wazee humtazama kwanza utosini, kisha humwambia: kilemba cha serikali ni ngata.