Kufuli la Wifi

Haya, Bwana asifiwe! Tena. Na ninyi wa kule nyuma mnaojifanya mnabembeleza watoto, Bwana asifiwe! Ee, hapo sawa. Sogeeni, leo nina jambo la moto, nisipolitoa litaniunguza mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mgonga kokoto. Mnawajua wagonga kokoto? Unakaa chini kule machimboni, miguu umenyoosha, jiwe lipo katikati, nyundo mkononi, kuanzia asubuhi mpaka jua lenyewe linakuchoka. Vumbi mpaka kwenye kope. Kucha hana, vidole vimepinda kama tangawizi. Basi katika kuhangaika kwake, huyu mama akapata krasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mkandarasi alimaliza barabara, akaona kulibeba tena lile dude ni mateso, akamwachia kwa bei ya kutupa.

Nasema dude kwa sababu ni dude! Msifikirie mashine ya kusaga unga. Kimo chake ni nyumba. Mdomo wake uko juu, unapanda kwa ngazi, na mtu mzima anaingia humo akachuchumaa. Ndani kuna taya mbili za chuma, moja imetulia, nyingine inatafuna. Ubavuni kuna magurudumu mawili ya chuma, kila moja zito kuliko ng'ombe dume, na mkanda wa kuyazungusha.

Likaja na fundi wake wa kumfundisha mwenye mali mpya. Siku ya kwanza fundi akaliwasha, akasukumia jiwe la ukubwa wa sufuria ya pilau ya harusi. Jamani! Ardhi ikatetema mpaka kuku wa jirani wakakimbilia ndani. Jiwe likalia mara moja tu, kaa! Kule chini zikamwagika kokoto safi, zimelingana kama zimechambuliwa.

Yule mama akakaa chini. Hakuanguka, alikaa. Akaangalia mikono yake. Jiwe kama lile lingemla yeye wiki nzima.

"Mungu wangu," akasema, "hiki kitu kimetengenezwa na mtu?"

"Kimetengenezwa na mtu, ila mtu hakimjui," fundi akamjibu. "Kesho usije na khanga."

"Nije uchi?"

"Uje na ovaroli, mama! Khanga ikidakwa na ule mkanda, nawe unakwenda nayo."

Cheka, cheka tu, lakini huyo mama usiku ule khanga zake zote aliziona nyoka.

Basi wakaanza masomo. Akafundishwa kupaka grisi kila asubuhi kabla chai haijapita kooni. Akafundishwa kukaza nati, na kulisikiliza lile dude kama unavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi, maana likianza kuugua linabadilisha sauti. Akafundishwa kuliwasha likiwa tupu na kulizima likiwa tupu. Akakatazwa kuchungulia mdomoni linapotafuna, kwa kuwa mawe mengine yanaruka kukurudia usoni. Na akaambiwa neno moja lililomsimamisha nywele: "Mama, ukizima, halijazimika." Kweli, alizima, akaona yale magurudumu yanaendelea kuzunguka, kimya kimya, moto umekatika lakini nguvu bado imo. Alisimama akayatazama mpaka yakakoma, mkono kifuani. Anasema hata kanisani hajawahi kuogopa vile.

Sasa fundi akatoa kufuli, vile vikufuli vidogo vya kwenye sanduku la mwanafunzi wa bweni.

"Kila atakayefanya kazi hapa awe na lake," akasema. "Kabla hujaingia mdomoni kutoa jiwe lililokwama, unazima, unangoja magurudumu, unafunga boksi la swichi kwa kufuli lako, na ufunguo unaingia nao mfukoni. Funguo za akiba tunazitupa."

"Tunazitupa? Mashine yangu, boksi langu, halafu nisiwe na ufunguo?"

"Usiwe nao."

"Mimi si ndiye tajiri?"

"Ndiyo maana. Tajiri ndiye mwenye haraka kuliko wote." Akazirusha funguo kwenye dimbwi la machimbo, chubwi! "Ukikuta kufuli linaning'inia, usiulize la nani, usiulize kwa nini. Unangoja mwenye ufunguo atoke."

Mama akamwona mtu huyu ana dharau. Na bado! Fundi akasema hafundishi mtu mmoja, watu wafundishwe wawili, mmoja akiugua asilazimike kuingia wa barabarani. Machimbo yote wakarudi nyuma. Mnajua kwa nini? Neno lilishapita kwamba dude lile linataka damu, na kwamba yule mama alishalitolea kafara, na kafara ni mumewe. Mumewe aliyekufa kwa presha, watu wakiona! Na aliyelipitisha neno hilo nyumba kwa nyumba alikuwa nani? Wifi yake. Dada wa marehemu, toka nitoke!

Na huyo huyo ndiye aliyejitokeza. "Nitajifunza mimi," akasema. "Nikae hapa hapa nione anavyowala watu."

Ilikuwa vichekesho. Walifundishwa bega kwa bega bila kusemeshana. "Fundi, mwambie huyo mama anipe grisi." "Fundi, mwambie huyo mwenzako grisi iko mbele ya macho yake." Fundi naye yuko katikati, anageuza shingo kama feni. Kila mmoja akafunga kitambaa cha nguo yake kwenye kufuli lake ili lijulikane. La wifi lilikuwa na kipande cha kitenge cha njano.

Lakini moyoni, mama zangu, haikuwa vichekesho. Wateja walikuwa wanakimbia, nani anataka msingi wa nyumba wenye damu? Na yule mjane akawa kila Ijumaa anakwenda kwenye maombi, anapiga magoti, anapiga mikono sakafuni: "Baba, msage! Aliyenichafua, msage! Saga, Baba, saga!" Na wenzake wanaitikia, "Sagaaa!"

Mnainama nini? Sijataja mtu.

Fundi akaondoka. Kazi ikaendelea hivyo hivyo, kwa kununiana. Siku moja yule mama katoka sokoni kununua grisi. Anafika machimboni, anakuta kimya, krasha limezimwa. Lori la mteja limesimama tupu, na huyo ndiye mteja mkubwa pekee aliyebaki. Dereva anapiga honi kama bwana harusi.

"Mama, mimi naondoka! Nimekaa hapa, mashine imelala, mtu simwoni!"

Mama akakimbilia boksi la swichi. Kufuli linaning'inia. Kitambaa cha njano.

Nguvu zikamwisha, halafu zikarudi nyingi kuliko zilivyotoka. "Ameshanifungia! Amelifunga dude langu akaenda zake! Wifiii! We wifiii!" Kimya. Jirani pale wanatoboa mwamba, kelele zinameza kila kitu.

Dereva akashuka na nyundo. "Kufuli gani hili, mama? Pigo moja tu. Washa, unijazie, niondoke."

Akamkabidhi. Sasa mtazameni huyo mama. Mkono ule umegonga mawe miaka, kufuli lile kwake ni biskuti. Lori linanguruma, mteja wa mwisho, na jina lake limeshatupwa jalalani na yule yule aliyefunga. Ungekuwa wewe? Wewe mwenye blauzi ya bluu, ungefanyaje? Usinijibu, nimeshaona ulivyoukunja mkono wako.

Akainua nyundo.

Likamjia lile neno: usiulize la nani. Akalitukana, ndiyo, alilitukana! Nyundo iko hewani, jasho linamwingia machoni, na ule moyo unaomwambia piga ndio ule ule wa Ijumaa. Ila alikuwa ameona jiwe la ukubwa wa sufuria linavyolia mara moja tu. Akateremsha nyundo. Akapanda ngazi, akachungulia mdomoni.

Wifi yake alikuwa humo. Chini kabisa, katikati ya taya mbili, amekunjamana kama mtoto tumboni, masikio ameziba kwa vile viziba-kelele, anahangaika kung'oa jino la katapila, lile la kwenye kijiko cha kuchotea, lililochanganyika na mawe. Chuma kile kingepita, dude zima lingevunjika. Alikuwa anamwokolea mashine yake! Hasikii honi, hasikii matusi. Amempa mgongo, na kilichoonekana ni kisogo tu. Na kile kisogo, mama zangu, chenye mkunjo ule wa pale nyuma, kilikuwa kisogo cha mumewe.

Akashuka akiwa ameshikilia kila kidato kama ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akachukua kufuli lake mwenyewe, akalining'iniza pembeni ya lile la njano, akakaa chini akaegemeza mgongo kwenye boksi.

"Vipi, hupigi?" dereva akamuuliza.

"Lori lingoje."

"Mimi naondoka, mama!"

"Basi nenda, baba. Humu kuna mtu."

Dereva akachungulia naye. Aliposhuka hakupiga honi tena. Alizima lori.

Wifi akatoka baadaye, uso wote vumbi, jino la katapila amelibeba kwapani kama kuku. Akamwona mwenzake amekaa, akaona makufuli mawili, akaona nyundo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamsemesha ana kwa ana.

"Wifi, hiyo nyundo ya nini?"

"Ya kukuvunjia kufuli."

"Sasa ukaacha kwa nini?"

"Dude lingekula damu kweli, ukawa umesema ukweli. Sikutaka unishinde."

Wakatazamana. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akakaa chini naye, wakalia pale wawili, migongo kwenye boksi, dereva amegeukia pembeni anafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Sasa ninyi. Ndiyo, sisi. Tunaosali "saga, Baba, saga!" Tunamtajia Mungu majina, mpaka na mtaa tunamwelekeza. Asubuhi tunaamka, tunachungulia dirishani, adui anafagia uwanja wake, mzima, na mwaka huu amenenepa! Tunasema Mungu kanyamaza, Mungu hana nguvu, nisaidieni tumwashe.

Hana nguvu? Milima aliisimamisha nani? Huyo akiwasha, jiwe halilii mara ya pili. Nguvu anazo, na ndiyo maana mimi natetemeka nikifikiri kwamba amezifunga kwa kufuli, tena ufunguo akamwachia mtu aliyeko ndani atoke nao mwenyewe. Mungu anangoja, mama zangu. Mungu wa majeshi amekaa chini, mgongo kwenye boksi, anangoja wifi yako atoke.

Na usiondoke hapa ukimfikiria wifi yako. Juzi uliyekuwa mle ndani ni wewe. Umeinama, masikio umeziba, husikii kitu, na nje kuna mtu amepiga magoti anakutaja jina, na wenzake wanaitikia. Unafikiri ulitokaje mzima?