Fidla ya Maalim Shaame

Hadithi hii imenifikia leo asubuhi, nikaona haya kuila peke yangu. Isome taratibu, na ukimaliza mpelekee yule rafiki yako asiyejua kunyamaza.

Palikuwa na kundi moja la taarabu asilia, na kiongozi wake alikuwa Maalim Shaame, mpiga fidla. Alipofariki, mji mzima ulisema fidla kama ile haitasikika tena.

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Kundi lile sasa likawa la wawamba ngozi watupu.

Mselem, naye mpiga fidla, aliyezoea kukaa kushoto kwa Maalim, alikitamani kile kiti cha mbele mpaka usingizini. Alishamwendea fundi amshonee koti kama la marehemu. Kikwazo kilikuwa Bi Zuwena, mpiga akodiani.

"Wewe Mselem ukianza kukwaruza," alimwambia mazoezini, "sisi wengine twaweza kwenda zetu tukapike. Hutusikii hata kidogo!"

"Kiongozi ni mwenye sauti, Bi Zuwena. Maalim alisikika hadi sokoni."

"Basi kikalie hicho kiti. Mimi naondoka, na nusu ya kundi nyuma yangu."

Hakuwa akitania. Wazee wa kundi wakaingilia kati: siku ya kumkumbuka marehemu, Mselem aongoze kwa majaribio. Akiboronga, asikisogelee kiti kile tena.

Mselem akaenda mbio kwa mjane, Bi Salha, kuomba fidla ya marehemu.

"Nataka niipige ile ile, mama. Nataka watu walie."

Bi Salha alimtazama, akatabasamu kidogo. "Ichukue, mwanangu. Ila usiufungue mkoba mpaka uwe mbele za watu, wala usiupake upinde kitu chochote. Ndivyo alivyopenda mwenyewe."

Alasiri ya siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Mselem, koti jipya likimbana kwapani, alifungua mkoba, akapatanisha nyuzi kwa kuzidonoa na kidole, akainua upinde, akauvuta.

Kimya.

Akakandamiza. Kimya! Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama mguu juu ya ganda la ndizi.

Wenzake walishauanza wimbo. Afanye nini? Asimame aseme fidla imegoma? Bi Zuwena angemcheka mpaka Idi ya mwakani. Mselem akafumba macho, akaendelea kuuvuta upinde kwa madaha, jasho likimchuruzika shingoni.

Na kwa kuwa hakuwa na sauti yake ya kusikiliza, akaanza kusikia za wengine.

Kumbe Faki, mpiga ngoma ya dumbaki, alikuwa akiwakimbia wenzake! Mselem akamtikisia kichwa: polepole. Faki akatulia. Kumbe kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, ilikuwa ikiufunika udi, lile gambusi kubwa! Akamwinamia mpiga kanuni, ikapungua, udi ukachomoza. Kisha ikaja akodiani ya Bi Zuwena, laini kama halua ya moto, na Mselem akajiuliza miaka yote hiyo alikuwa na pamba masikioni au vipi. Akamwinulia nyusi: endelea, dada, wimbo ni wako.

Bi Zuwena nusura aupoteze wimbo kwa mshangao. Lakini aliendelea.

Wimbo ulipokwisha, watu walikuwa wakifuta machozi. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama na bakora yake. "Fidla ile! Ndiyo yenyewe! Wallahi nimemsikia Shaame!"

Mselem akachomoka na fidla na mkoba wake hadi chumba cha nyuma, alikokuwa ameketi Bi Salha.

"Mama, nimeumbuka. Fidla haikutoa hata mlio."

Bi Salha akachomoa kipande cha sabuni ya kufulia kutoka kwenye pembe ya mkoba.

"Vidole vya Maalim vilipokakamaa, aliacha kuupaka upinde ulimbo ule unaoufanya ushike nyuzi. Akawa anaupaka hii. Miaka yake ya mwisho hakupiga kitu. Alikuwa akiwasikiliza ninyi."

"Na ile sauti iliyosifiwa mji mzima?"

"Yenu."

"Lakini mimi nilikaa ubavuni mwake, mama! Nilikosaje kujua?"

"Ungejuaje, mwanangu, na wewe ulikuwa unapiga?"

Mlangoni mtu akakohoa. Bi Zuwena alikuwa amesimama pale, ameyasikia yote. Mselem akajikunyata ndani ya koti lake, akingojea kichambo.

Bi Zuwena akaichukua ile sabuni, akamtumbukizia mfukoni.

"Kiti ni chako," alisema. "Leo umepiga sawasawa na marehemu. Na hii usije ukaifulia hilo koti."

Funzo: Anayetaka kuongoza watu, kwanza aipunguze sauti yake mpaka azisikie zao.