Blanketi la Mwisho Ukutani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana hadithi hii na kikohozi haviivi chungu kimoja. Mmenyamaza? Haya.

Hapo zamani, huko Tukuyu kwenye mvua zisizochoka, aliishi Subilaga na kaka yake Ambakisye, na mama yao Tusekile, mgonjwa wa kifua. Ambakisye alikuwa mpiga gitaa la umeme, ule muziki wa roki wenye makelele, wala haimbi hata neno moja.

"We Ambakisye," majirani wakimtania, "huo wimbo wako bubu utasema lini?"

"Maneno yanadanganya, shangazi. Nyuzi haziwezi."

Naye alikuwa na masharti yake. Hagusi gitaa mpaka wimbo uishi kwanza mdomoni. Wimbo wa hadithi hii aliuokota kwa mama yake, mguno wake wa kumenyea ndizi. Akauguna mwezi mzima, shambani anauguna, msalani anauguna, mpaka Subilaga akamchoka. Na siku ya kurekodi anaupiga mara moja, mwanzo hadi mwisho. Kelele ikiingia, anafuta wote. "Kiraka ni cha suruali," husema.

Mwenye mashine ya kurekodia alikuwa rafiki yake, Lusekelo. Kanda walikuwa nayo moja tu. Wakatundika mablanketi ya nyumba nzima, ila la mama tu, kwenye kuta za sebule, sauti isirukeruke. Na chumba cha mama hakikuwa na njia nyingine ila kupitia hapo hapo sebuleni. Subilaga akawekwa nje, alinde mlango.

"Ukifungua, dada," Ambakisye akamwambia, "umeuua wimbo."

Siku ya kwanza jogoo akawika, kanda ikafutwa. Siku ya pili mvua ikapiga bati, kanda ikafutwa. Siku ya tatu wimbo unakaribia mwisho, mama akakohoa chumbani, kanda ikafutwa. Ambakisye aliutazama tu ule mlango wa mama. Heri angetukana.

Asubuhi ya nne mama akamwita Subilaga. "Chukua na hili langu, mkalitundike. Leo sikohoi."

"Mama, na baridi hii?"

"Chukua, mwanangu. Na mimi nataka niusikie umeisha."

Subilaga akalichukua. Lilikuwa bado na joto lake.

Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Gitaa likaanza, likanguruma, kisha likashuka likaguna kama mtu aliyekaa jikoni na kisu chake. Subilaga huko nje machozi yakamlenga. Ndipo akasikia, kwa mbali, sauti nyembamba: "Subilaga."

Mkono wake ukafika kwenye komeo. Ukabaki hapo.

Wimbo ukaisha. "Imekaa!" Lusekelo akapiga kelele. Wakakimbilia chumbani kumpa mama habari. Hakukuwa na wa kupewa.

Matanga yalipoanuliwa wakaisikiliza kanda. Karibu na mwisho, chini ya gitaa, yumo: "Subilaga." Mjomba aliyekuja kugawa vya marehemu akauliza nani abaki nayo.

Ambakisye akasema, "Nipeni niifute. Nilimsikia, mjomba. Kilibaki kipande kidogo tu, nikaendelea kupiga. Wimbo ni wangu, na dhambi ni yangu."

Lusekelo akasema, "Usiifute! Mimi nilikuwa na spika masikioni, nilimsikia kuliko nyote, nikanyamaza. Lakini bila mimi sauti yake ingekuwa wapi leo? Nipeni niipeleke redioni, watu wamjue."

Subilaga akacheka, kicheko kibaya. "Ninyi mlisikia sauti. Mimi niliitwa. Na blanketi nililitoa kitandani kwake kwa mikono hii. Nipeni mimi, niwe naitika."

Mjomba akagawa vilivyogawika. Ambakisye alirithi shamba la migomba, na tangu siku hiyo haguni. Lusekelo akapewa kigoda cha mama, hakikalii. Subilaga alirithi blanketi. Kila jua likitoka analianika, na kila baridi inamkuta hajajifunika. Kanda mjomba aliifungia kwenye kopo la majani ya chai.

Msinitazame mimi. Wote watatu walisikia, na hakuna aliyefungua mlango. Je, nani alistahili kupewa kanda ile?